Hersch Lauterpacht, Mwalimu wa Sheria kutoka Żółkiew

Vitabu vya historia tunavyosoma shuleni vimejaa majina ya wafalme, magavana na majemadari. Aliyepigana vita huandikwa, na aliyevishinda huandikwa mara mbili. Mwalimu aliyekaa chumbani na vitabu vyake, akafikiri jambo lililobadili mwenendo wa mahakama za ulimwengu, mara nyingi hapati hata mstari mmoja. Katika insha hii nataka, msomaji, nikupe habari za mwalimu mmoja wa namna hiyo. Jina lake ni Hersch Lauterpacht. Hakuwa mtu wa bara letu, na wengi wanaolitumia neno lake hapa Afrika Mashariki hawalijui jina lake. Neno lenyewe bila shaka umekwisha kulisikia redioni: uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Fungua ramani ya Ulaya uutafute mji wa Lviv, upande wa magharibi wa nchi ya Ukraine. Kaskazini yake, mwendo wa kilomita 25 hivi, kuna mji mdogo ambao Wapolandi huuita Żółkiew na Waukraine huuita Zhovkva. Ni mji wa kale. Ulipewa haki za mji mwaka 1603, na jina lake lilitokana na ukoo wa jemadari Stanisław Żółkiewski aliyeujenga. Una ngome, uwanja mpana wa soko, makanisa ya madhehebu mbalimbali, na sinagogi ya karne ya 17 yenye kuta nene kama za boma la vita. Wapolandi, Waukraine na Wayahudi walikaa humo karne nyingi, kila watu na dini yao na sikukuu zao, wakakutana sokoni.

Lauterpacht alizaliwa katika mji huo tarehe 16 Agosti, 1897, katika nyumba ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya mbao. Mwaka 1910 jamaa wote walihamia Lviv, ambayo wakati huo iliitwa Lemberg, ili watoto wapate shule nzuri zaidi.

Sasa nakuomba ufikiri jambo moja. Mfikirie mtu aliyezaliwa Żółkiew mwaka ule ule, akajaliwa umri mrefu, asiuhame mji wake hata siku moja. Mtu huyo angalizaliwa raia wa Kaisari wa Austria. Mwaka 1914 angaliyaona majeshi ya Urusi yakiingia, na mwaka uliofuata angaliyaona yakitoka. Mwisho wa mwaka 1918 angaliambiwa kwamba yu katika jamhuri ya Waukraine, na baada ya miezi michache kwamba yu katika Polandi. Mwaka 1939 wangalikuja Wasovieti, mwaka 1941 Wajerumani, na mwaka 1944 Wasovieti tena, ambao mwaka 1951 waliubadili mji hata jina, wakauita Nesterov kwa kumbukumbu ya rubani aliyefia karibu na hapo mwaka 1914. Kila mara bendera ingalibadilika, na lugha ya ofisini, na picha ya ukutani. Kila mara angalitakiwa awe raia mwema wa mwenye dola mpya.

Basi, kama haki ya mtu ni ile tu apewayo na mwenye dola, mtu wa Żółkiew alikuwa na haki gani? Swali hili halikuwa mchezo wa darasani. Mnamo Novemba 1918 Wapolandi na Waukraine walipigania mji wa Lemberg barabara kwa barabara, na Wayahudi wa mji huo, waliokuwa kati ya pande mbili, wakashambuliwa, wakaporwa na kuuawa. Lauterpacht alikuwa kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa sheria katika chuo kikuu cha pale, naye alishika zamu pamoja na vijana waliolinda mitaa yao. Mchana ni vitabu vya sheria. Usiku ni kulinda mlango wa nyumba kwa sababu sheria haikuwapo.

Mwaka 1919 aliondoka Lemberg bila kumaliza mitihani yake ya mwisho. Yeye mwenyewe alieleza kwamba milango ya chuo ilikuwa imefungwa kwa Wayahudi. Akaenda Vienna, akasoma kwa profesa mashuhuri Hans Kelsen, akapata udaktari wa sheria mwaka 1921 na udaktari wa mambo ya siasa mwaka 1922. Huko Vienna alikutana na msichana aliyekuwa akijifunza kupiga kinanda, jina lake Rachel Steinberg. Walioana mwezi wa Machi 1923, na baada ya majuma machache wakavuka bahari kwenda London.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana iko habari inayowahusu ninyi mnaonung'unika kwamba Kiingereza ni kigumu. Lauterpacht alipofika London alijiandikisha katika chuo cha London School of Economics, chini ya mwalimu aliyeitwa Arnold McNair. McNair alieleza baadaye kwamba mara ya kwanza walipozungumza, mgeni huyu aliweza kukisoma Kiingereza lakini kukisema hawezi, hawakuelewana. McNair akamshauri aende kwanza akajifunze lugha. Baada ya siku chache, karibu majuma mawili, Lauterpacht alirudi, akazungumza kwa ufasaha uliomshangaza mwalimu wake. Alikuwa akiingia katika madarasa ya watu wote, masomo ya kila namna, mchana kutwa, si kwa ajili ya somo bali kwa ajili ya kusikia maneno. Matamshi ya kwao hayakumwacha mpaka alipokufa, na wala hayakumzuia kuandika Kiingereza safi kuliko Waingereza wengi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi tupu, nami nitaipita upesi. Alitoa kitabu chake kikubwa cha kwanza mwaka 1927 na kingine mwaka 1933. Pamoja na McNair alianza kukusanya hukumu za mahakama za nchi mbalimbali zilizogusa sheria ya mataifa, ili kuonyesha kwamba sheria hiyo si ndoto ya wenye vyuo bali hutumika mahakamani. Mkusanyo ule unaendelea kuchapishwa hata leo. Alipata uraia wa Uingereza mwaka 1931. Mwaka 1938 akawa profesa wa sheria ya mataifa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akahamia huko pamoja na mkewe na mwanawe Elihu. Mtoto wa mfanyabiashara wa mbao wa Żółkiew akawa ameketi katika kiti ambacho wanasheria wa Uingereza wenyewe walikitamani.

Ili uone uzito wa mambo aliyoyafundisha, huna budi kujua sheria ya mataifa ilivyokuwa siku zile. Ilikuwa sheria ya madola. Dola lilikuwa na haki, dola lilikuwa na wajibu. Mtu mmoja hakuonekana humo. Kama serikali ya Ujerumani ingemdhulumu Mwingereza aliyekaa Berlin, Uingereza ingeweza kudai fidia, si kwa kuwa mtu ameumizwa, bali kwa kuwa dola la Uingereza limevunjiwa heshima. Na kama serikali hiyo ingemdhulumu Mjerumani wake yenyewe, ikamnyang'anya kazi, nyumba na mwisho uhai, basi hilo lilihesabiwa kuwa jambo la ndani, na mataifa mengine yalisimama kando kama jirani asivyoingia katika nyumba asikoalikwa. Lauterpacht alisema kwamba mpango huu umepinduka. Dola limewekwa kwa ajili ya watu, wala watu hawakuumbwa kwa ajili ya dola. Kwa hiyo sheria ya mataifa lazima imwone mtu mmoja mmoja kwa pande mbili: imlinde hata dhidi ya serikali yake, na imwadhibu atendapo uovu hata kama aliutenda kwa jina la serikali.

Upande wa pili wa wazo hilo aliutia katika vitabu mapema. Alikuwa mhariri wa kitabu cha sheria ya mataifa cha Oppenheim, ambacho mawakili na maofisa wa Uingereza walikitegemea. Katika chapa ya mwaka 1940 aliandika kwamba askari aliyetii amri ambayo ni uhalifu wa wazi hawezi kuokoka kwa kusema, "Niliamriwa." Mwaka 1944 jeshi la Uingereza lilibadili kitabu chake cha kanuni kufuata maoni hayo.

Lakini alipokuwa akiandika hayo, jamaa zake walikuwa Lemberg. Wazee wake, kaka yake, dada yake na watoto wao walibaki huko. Barua ziliendelea kuja kidogo chini ya utawala wa Wasovieti. Wajerumani walipouteka mji mwishoni mwa Juni 1941, barua zilikatika. Miaka minne profesa wa Cambridge alifundisha, akaandika, akaenda Marekani kuhutubia, bila kujua kama mama yake yu hai.

Katika miaka hiyo ya kimya ndipo alipoandika kitabu alichokitoa mwaka 1945, ambacho kwa Kiswahili tungekiita Hati ya Kimataifa ya Haki za Mtu. Mwandishi hakukaa kulia humo. Alikaa akapanga ibara kwa ibara: uhuru wa mtu, dini, maneno, usawa mbele ya sheria, na namna mataifa yatakavyosimamia mambo hayo. Kitabu hicho hakina budi kusifiwa, na pia hakina budi kupimwa. Lauterpacht alitaka hati itakayokubaliwa na serikali zenye nguvu, na kwa sababu hiyo alirudi nyuma alipofika kwenye swali la watu weusi walionyimwa kura Afrika ya Kusini na katika majimbo ya kusini ya Marekani. Aliliona swali hilo na kulitaja, lakini hakutaka hati yake izame kwa ajili yake. Mimi nasema hapo alipungukiwa, kwa kipimo alichokiweka yeye mwenyewe. Maana mtu wa Mississippi aliyenyimwa kura kwa rangi yake alikuwa ndugu wa mwanafunzi wa Lemberg aliyefungiwa mlango wa chuo kwa dini yake.

Vita viliisha Ulaya mwezi wa Mei 1945. Mataifa manne, yaani Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, yaliamua kuwahukumu wakuu wa Ujerumani, na wajumbe wao wakakutana London kuandika hati ya mahakama. Mjumbe wa Marekani alikuwa Jaji Robert Jackson, ambaye alijuana na Lauterpacht tangu mwaka 1941. Mazungumzo yalikuwa mazito. Tarehe 29 Julai Jackson alikwenda Cambridge, kwenye nyumba ya Lauterpacht katika barabara ya Cranmer, wakaketi bustanini wakazungumza juu ya mashtaka yalivyopasa kugawanywa. Lauterpacht akashauri kila fungu liwe na kichwa chake ili watu waelewe upesi. Kwa mauaji na mateso waliyotendewa raia, alitoa kichwa hiki: uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Maneno hayo hayakuwa mapya kabisa. Mwaka 1915 Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliyatumia katika tangazo la kulaumu mauaji ya Waarmenia. Lakini tangazo la lawama ni kitu kimoja na sheria ya mahakama ni kitu kingine. Hati ilipotiwa sahihi London tarehe 8 Agosti, 1945, maneno hayo yalikuwa katika ibara ya sita, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kushtakiwa kwayo akahukumiwa.

Hebu sasa tutazame alama moja ndogo ya uandishi, kwa sababu walimu wa lugha hutuambia kila siku kwamba alama hizi zina maana, nasi hatuwaamini. Katika maandishi ya Kiingereza na Kifaransa ya ibara ile palikuwa na nukta-mkato. Katika maandishi ya Kirusi palikuwa na mkato tu. Kwa nukta-mkato, sentensi ilikatika sehemu mbili, na mauaji ya raia yangeweza kusomwa kuwa uhalifu wakati wowote, kabla ya vita au wakati wa vita. Kwa mkato, sentensi ilikuwa moja, na mauaji hayo yalikuwa uhalifu endapo tu yameshikamana na vita. Tarehe 6 Oktoba mataifa manne yalitia sahihi masahihisho: iwe mkato. Matokeo yake, maovu ambayo serikali ya Hitler iliwatendea raia wake tangu mwaka 1933 mpaka vita vilipoanza yalibaki karibu yote nje ya hukumu. Wazo la Lauterpacht lilikuwa limeingia mlangoni, lakini mguu mmoja ulibaki nje.

Kesi ilifunguliwa katika mji wa Nuremberg tarehe 20 Novemba, 1945. Lauterpacht alikuwa pamoja na mawakili wa Uingereza. Kizimbani waliketi wakuu wa Ujerumani, na mmoja wao alikuwa Hans Frank. Mtu huyu alikuwa Gavana Mkuu wa sehemu ya Polandi iliyotekwa, na tangu Agosti 1941 Lemberg na Żółkiew zilikuwa chini yake. Naye, msomaji, alikuwa mwanasheria. Alikuwa amewahi kuwa wakili wa Hitler, akaanzisha Chuo cha Sheria ya Kijerumani, akapenda kuhutubia juu ya sheria. Hoja yake na ya wenzake ilikuwa kwamba dola ndilo sheria, na asemalo kiongozi wa dola halina wa kuliuliza. Basi ndani ya chumba kile kimoja walikuwamo wanasheria wawili, na kati yao swali moja: mtu yuko wapi katika sheria?

Kweli ilijulikana baadaye. Katika jamaa wote aliowaacha Lemberg, aliyesalia hai alikuwa mmoja tu, msichana mdogo, mtoto wa dada yake, aliyefichwa katika nyumba ya watawa. Wazee wa Lauterpacht walichukuliwa katika msako mkubwa wa Agosti 1942. Mwezi huo huo Hans Frank alikuwa amefika Lemberg kuhutubia. Na huko Żółkiew, tarehe 25 Machi, 1943, Wayahudi wapatao 3,500 walitembezwa kwa miguu hadi kwenye msitu ulio karibu na mji wakapigwa risasi. Lauterpacht alimchukua mpwa wake kwenda Cambridge akamlea.

Mkuu wa waendesha mashtaka wa Uingereza, Sir Hartley Shawcross, alimwomba Lauterpacht amwandikie sehemu za sheria katika hotuba zake mbili, ya kufungua mwezi wa Desemba 1945 na ya kufunga mwezi wa Julai 1946. Ukizisoma hotuba hizo hutaona neno moja juu ya wazazi wake mwandishi. Utaona hoja tu: kwamba mtu mmoja ndiye msingi wa mwisho wa sheria zote, na kwamba serikali ikimkanyaga mtu kiasi cha kuitia aibu dunia, mataifa yana haki ya kuingilia. Wako watu ambao wangetaka aseme kwa uchungu zaidi. Mimi nadhani alijua kwamba hakimu anaweza kuuhurumia uchungu na bado asiufuate, lakini hoja iliyo imara hana pa kuikwepea. Hukumu ilitolewa tarehe 30 Septemba na 1 Oktoba, 1946. Hans Frank alipatikana na hatia ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu, akanyongwa tarehe 16 Oktoba.

Palikuwa na mwanasheria mwingine aliyezunguka Nuremberg siku zile na mkoba wake wa karatasi. Jina lake Raphael Lemkin, Myahudi wa Polandi, naye pia alikuwa amepoteza wazazi na jamaa zake wengi. Ajabu ni kwamba Lemkin alisoma sheria katika chuo kile kile cha Lemberg, miaka michache baada ya Lauterpacht, na Profesa Juliusz Makarewicz aliwafundisha wote wawili sheria ya jinai. Mwaka 1944 Lemkin alikuwa ametunga neno lake mwenyewe, lile ambalo sisi hulitafsiri mauaji ya kimbari. Yeye alisema kwamba watu hawa hawakuuawa kila mtu kwa nafsi yake. Waliuawa kwa sababu ni wa taifa fulani au dini fulani, na kwa hiyo sheria ilinde jamii za watu. Lauterpacht hakulipenda wazo hilo. Alihofia kwamba sheria ikianza kuwahesabu watu kwa makabila, itawafundisha wajione kwa makabila, na kundi lililolindwa litasimama dhidi ya kundi lingine.

Wanafunzi ninapowaeleza ugomvi huu hugawanyika, na naona ni vizuri wagawanyike. Katika nchi kama yetu si ugomvi wa mbali. Mtu akichomewa nyumba kwa sababu ya jina la ukoo wake, je, aliyedhulumiwa ni yeye au ni kabila lake? Lemkin angejibu kwamba huwezi kuueleza ubaya wa moto huo bila kulitaja kabila. Lauterpacht angejibu kwamba nyumba ilikuwa na mwenyewe, ana jina, na kesho ndiye atakayelala nje. Mimi huegemea upande wa Lauterpacht, ingawa sina jibu la kumnyamazisha Lemkin.

Umoja wa Mataifa uliwasikiliza wote wawili kwa namna yake. Tarehe 9 Desemba, 1948, ulipitisha mkataba dhidi ya mauaji ya kimbari, na siku ya pili yake Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Ungedhani Lauterpacht alishangilia. La, alilisema vibaya Azimio hilo, kwa sababu halikumfunga mtu wala serikali. Haki isiyo na mahali pa kudaiwa aliiona kuwa mapambo. Alichokitaka kilianza kuonekana katika Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, uliotiwa sahihi tarehe 4 Novemba, 1950, ambao ulifungua njia ya mtu mmoja kuishtaki serikali.

Mkataba huo ulifika Kenya kwa njia ya ajabu. Mwaka 1953 Uingereza iliueneza kwa makoloni yake mengi, Kenya ikiwamo, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mwaka uliofuata ikatoa ilani kwamba kwa Kenya baadhi ya ulinzi wake umesimamishwa. Basi waliofungwa kambini bila hukumu walikuwa chini ya mkataba wa haki kwa karatasi, na nje yake kwa ilani. Wala njia ya mtu kulalamika haikufunguliwa kwao. Jambo hili silisemi ili kuidharau kazi ya Lauterpacht. Nalisema kwa sababu linaonyesha kwamba aliona vyema: haki ikiwa na mlango, na ufunguo wa mlango uko mfukoni mwa serikali inayoshtakiwa, mtu hajapata kitu. Katiba yetu ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuwa na sura ya haki iliyochukua maneno yake mengi kutoka mkataba ule wa Ulaya, na katiba ya mwaka 2010 imekwenda mbali zaidi. Soma ibara yake ya 22, inayompa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kudai kwamba haki yake imevunjwa.

Mwaka 1955 Lauterpacht aliacha ualimu akawa jaji wa Mahakama ya Kimataifa, mjini The Hague, Uholanzi. Huko alikutana na jambo la Afrika. Nchi ambayo leo ni Namibia ilikuwa imewekwa chini ya Afrika ya Kusini kama amana tangu zamani za Shirikisho la Mataifa. Baada ya vita Afrika ya Kusini ilikataa kupeleka taarifa zake kwa Umoja wa Mataifa. Chifu Hosea Kutako wa Waherero alitaka kupeleka malalamiko ya watu wake, akanyimwa ruhusa ya kusafiri, na kasisi Michael Scott akawa msemaji wake ng'ambo. Likazuka swali: je, kamati ya Umoja wa Mataifa yaweza kuwasikiliza walalamikaji kwa mdomo, au ni karatasi tu? Tarehe 1 Juni, 1956, majaji wanane dhidi ya watano walisema yaweza. Lauterpacht alikuwa miongoni mwa wale wanane, akaandika maoni yake mbali. Alisema kwamba Afrika ya Kusini imezuia taarifa, basi isilalamike kamati ikitafuta habari kwa njia nyingine. Uhuru wa Namibia ulikuja tarehe 21 Machi, 1990, baada ya mapigano marefu, na shauri lile halikuuleta. Lakini lilikubali kwamba mtu wa nchi isiyo na dola lake anaweza kusimama mbele ya mataifa akasema kwa kinywa chake.

Lauterpacht alifariki London tarehe 8 Mei, 1960, akiwa na miaka 62, bado yu jaji. Hakuiona mahakama nyingine ya kimataifa ya jinai. Baada ya Nuremberg na ile ya Tokyo, ulimwengu ulikaa zaidi ya miaka 40 bila kuunda nyingine. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya Rwanda, Umoja wa Mataifa uliunda mahakama iliyokaa karibu na kwetu, mjini Arusha, ikafanya kazi mpaka mwisho wa mwaka 2015. Katika sheria yake hapakuwa na sharti la vita kimataifa lililofungwa na ule mkato wa mwaka 1945. Mshtakiwa wa kwanza aliyehukumiwa baada ya kesi kamili alikuwa Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Taba. Kazi yake ilikuwa kuwalinda watu wa Taba. Tarehe 2 Septemba, 1998, majaji walimsomea hukumu. Walimkuta na hatia ya mauaji ya kimbari, neno la Lemkin, na ya uhalifu dhidi ya ubinadamu, neno la Lauterpacht. Kisha wakaeleza, shahidi kwa shahidi, watu wa Taba walitendewa nini.